Kutoka Tukuyu na Viroba Ishirini vya Mchanga Mweusi

Wenzangu wa kijiwe cha Sofu hapa Kibaha, naandika haya kwa sababu kila nikipita mnaniuliza upya, na kila mmoja ana habari zake. Mmoja kasikia nilikamatwa na mkaa. Mwingine kasikia nilikwenda Tukuyu kwa mganga. Fundi Rajabu, ambaye namheshimu, amewatangazia watu kwamba tangi la Kisarawe amelijenga mama mkwe wangu. Hilo la mwisho lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linaniuma kuliko mengine.

Mnajua mimi ni mwashi, na mnajua nimeoa Kisarawe. Mwaka jana nilimjengea mama mkwe tangi la kuvunia maji ya mvua, nusu chini ya ardhi, nusu juu. Nilipiga picha pembeni yake nikiwa nimeshika mwiko. Masika yakalijaza, na kabla nyasi hazijakauka lilikuwa tupu. Maji yote yalikuwa yamejipitia ukutani yakaenda zake. Nikawaambia wakwe kwamba ardhi yao inacheza. Mama mkwe akaitikia tu. Alichukua ndoo yake akarudia kuteremka kisimani bondeni, kama alivyofanya maisha yake yote. Fundi akiharibu kazi kwa mtu baki anaweza kubadili njia asikutane naye. Mimi ningebadili njia kwenda wapi?

Basi kuna dada mmoja mhandisi tuliyefanya naye kazi Kongowe. Alinionyesha kipande cha zege lililochanganywa mchanga wa volkano badala ya mchanga wetu, akanipa nyundo nikipige. Nilipiga hadi mkono ukafa ganzi. Akaniambia vumbi la mchanga ule linashikana na chokaa iliyomo kwenye saruji, linaziba vitundu vidogo ambavyo maji hupitia, na kadiri miaka inavyokwenda zege linazidi kukaza. Niliota tangi usiku ule. Asubuhi nikamwambia mke wangu Zuhura kwamba nakwenda Tukuyu.

Kibaha hadi mlima Kitonga

Ndani ya basi nilikaa na mwalimu mstaafu aliyekuwa anarudi kwao Makambako.

"Unakwenda wapi, kijana?"

"Tukuyu, mwalimu."

"Kusalimia?"

"Kufuata mchanga."

Alitazama dirishani hadi Chalinze. Tulipoanza kuiacha Chalinze akanigeukia. "Umesema umetoka mkoa gani?"

"Pwani."

"Pwani," akarudia taratibu. "Mchanga umekwisha?"

Nikamweleza habari za volkano, vumbi na chokaa. Alisikiliza vizuri sana, kama mtu anayesikiliza mwanafunzi aliyechelewa shule akitoa sababu. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, abiria wote wakateremka kununua vitunguu, na nilipopanda tena nikakuta mwalimu ameshawasimulia viti vyote vya mbele. Jamaa mmoja akaja kutoka nyuma kuniuliza kama huko Pwani tuna upungufu wa hewa pia.

Kwenye mlima Kitonga kulikuwa na tela limekufa katikati ya kona. Tulikaa pale saa tatu nzima. Basi zima lilinuka vitunguu, tukala mayai ya kuchemsha na kachumbari, na kwa kuwa hapakuwa na burudani nyingine, wakaniomba nieleze upya safari yangu. Mama mmoja mwenye huruma aliniwekea mkono begani. "Kaka, huyo mhandisi wako amekutania. Ungempigia simu." Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilianza kuingiwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeaga nyumbani kwa majigambo mengi mno kiasi kwamba nisingeweza kurudi mikono mitupu.

Tukuyu

Mbeya nililala tu, sina la kusimulia. Kesho yake nikaingia Tukuyu nimevaa fulana na kandambili. Wenzangu, kule kuna baridi. Mvua ilikuwa inanyesha bila haraka yoyote, mvua ya mtu asiye na pa kwenda.

Mchanga nilielekezwa kwa mwanamke mmoja anayeitwa Mama Tumaini, mwenye shimo nyuma ya migomba yake. Aliniangalia miguu, akaingia ndani, akatoka na koti la marehemu mumewe. Lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Nikamshukuru, nikamwomba anionyeshe shimo.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekunywa chai mjini, mama."

"Mgeni hashuki shimoni na chai ya mjini."

Nikala ndizi za kupika kwa nyama. Nilipoinuka, yakaja maziwa ya mgando. Nilipomaliza maziwa, mvua ikakaza, na kwa sababu mvua imekaza yakaja maharage na viazi. Siku ya kwanza sikuuona mchanga kabisa. Siku ya pili nikala mara nne na nikauona kwa mbali. Nilimweleza nilivyotoka mbali kuufuata, na kwamba huko kwetu wengine hawaamini kama una maana yoyote.

Akacheka. "Sisi huu tunajengea vyoo."

Sitaficha, nilijisikia vibaya. Nimevuka nchi, nimechekwa na basi zima, kumbe nafuata mchanga wa vyoo. Lakini Mama Tumaini hakuwa amemaliza. "Choo changu kilijengwa Tumaini hajazaliwa, na sasa Tumaini ana watoto. Nenda ukatafute ufa."

Nikaenda na nyundo yangu. Nikakagua ukuta wa nje, nikapitisha ukucha kwenye pembe, nikagonga chini, nikagonga katikati, nikaweka sikio nisikilize mlio. Zege lilikuwa zima kabisa, gumu, halina hata unywele wa ufa. Nikagonga tena kwa furaha.

"Kuna mtu!" ikatoka sauti ndani.

Alikuwa shemeji yake, mzee mpole, na nadhani hadi leo hajaelewa kwa nini mgeni aliyevaa koti la kaka yake alimgongea choo nyundo kumi na mbili.

Siku ya tatu mvua ikapumzika, tukachimba. Ule mchanga ni mweusi, una chembe zenye vitundu vitundu, na mapande mengine makubwa kama ndimu. Nilinyanyua kiroba kimoja nikashangaa wepesi wake, nikabeba viwili kwa pamoja huku nikijisifu. Mvua ikarudi kidogo, na kiroba cha tatu nikashindwa kukitikisa.

"Unakunywa maji huo," akaniambia Mama Tumaini. "Uloweshe siku moja kabla. Ukiuchanganya mkavu, utayanywa maji ya saruji na zege litabaki na kiu. Tena hilo vumbi usilipepete, usiliondoe. Hilo ndilo linaloshika."

Nikayarudia maneno yale njia nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani. Niliagana naye kwa "ndaga", yaani ahsante, neno pekee la Kinyakyusa nililojifunza, nikamrudishia koti, nikaanza kutetemeka.

Barabarani, juu ya viazi

Nilirudi na lori la viazi la dereva mmoja anayeitwa Baba Neema, mtu wa tenzi za kanisani na wa kusimama kila mahali panapouzwa kitu. Makambako tulinunua matunda. Iringa tulinunua nyanya. Kabla ya Mikumi alisimama kununua kinu, na hakuniambia cha nini.

Mbele kidogo tukakuta kizuizi cha kukagua mazao ya misitu. Ofisa akapanda juu, akashuka na pande jeusi mkononi.

"Viroba ishirini vya mkaa. Kibali kiko wapi?"

"Afande, huo ni mchanga."

Akaliangalia lile pande. Akaniangalia mimi. "Mchanga?"

"Mchanga, afande. Wa Tukuyu."

"Unapeleka wapi?"

Hapo nilijua tumekwisha, lakini sikuwa na jibu jingine. "Mkoa wa Pwani."

Baba Neema akashuka, akakaa kwenye kivuli cha lori lake na kuanza utenzi. Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alifikiri, kisha akasema jambo la busara: kama ni mkaa utawaka, kama ni mchanga hautawaka. Pale kizuizini palikuwa na mama anayeuza chai na chapati. Ofisa akachukua mapande matatu akayatumbukiza kwenye jiko lake, tukakaa kwenye benchi kuyatazama.

Baada ya muda yakaanza kuwa mekundu.

"Haya," akasema ofisa.

"Afande, jiwe lolote likikaa motoni huwa jekundu."

"Basi tusubiri yawe majivu."

Tukasubiri. Magari yalipita, watu wakatuuliza tunangoja nini, ofisa akawajibu kwa kifupi kwamba kuna uchunguzi. Mapande yalibaki mekundu na hayakupungua. Yule mama wa chai ndiye aliyetuokoa. Alikuwa anaendelea na chapati zake, akagundua moto umetulia na chapati zinaiva sawasawa bila kuungua. "Afande," akasema, "huu si mkaa. Mkaa wangu wenyewe umekwisha, na hivi vitu bado vipo." Akaomba aongezewe matano. Ofisa akaandika kwenye daftari lake, akatufungulia, na lori likiwa limeshaanza kutembea akanikimbilia dirishani kuuliza kama mchanga huo unafaa kwa karo la choo.

"Unafaa sana," nikamwambia. "Nimekagua."

Mtaa wa Tangini, Kibaha, nilipokosea

Baba Neema alinishushia mzigo kando ya barabara, na shemeji yangu Hamisi akaja na kirikuu, kigari chake kidogo cha mizigo. Nilikuwa nimechoka hadi meno. Nikasema, viroba vitangulie Kisarawe, mimi nilale, kesho niende kuvilowesha taratibu kama nilivyoelekezwa. Hamisi akapakia akaondoka.

Nilipokuwa naoga nikakumbuka lile vumbi. Nikatoka na taulo. "Zuhura, mpigie mama. Mwambie mchanga usiguswe."

Zuhura aliniangalia kwa masikitiko. "Nimwambie mama asiguse mzigo wa mkwewe? Atasema umemwona mwizi."

Ninyi wenye wakwe mtanielewa. Mimi mama mkwe simtumi, simkatazi, simkosoi. Akinipa chakula nakula, akisema jua limechomoza magharibi naitikia. Neno "usiguse" halina njia ya kutoka kwangu kwenda kwake. Nikajiambia mchanga ni mchanga, nani atauhangaikia? Nikalala.

Kisarawe

Kijiji chenyewe kiko ndani, ukishaipita Kisarawe mjini na kushika njia ya Maneromango. Nilifika mchana. Kitu cha kwanza kuona kilikuwa viroba vyangu ishirini vikiwa vimeanikwa kwenye kamba, vimefuliwa.

Chini ya kamba, juu ya maturubai mawili, mchanga ulikuwa umetandazwa unametameta kama shanga. Mama mkwe na jirani zake watatu walikuwa wameketi kwenye vigoda, mikono yao myeusi hadi viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu, karibu. Umeuona mchanga wako? Ulikuwa na masizi sijapata kuona. Tumeufua mara tatu, mpaka maji yametoka meupe."

Wale jirani wakanitazama wakingoja. Nilikuwa nawaza mlima Kitonga, mayai, choo cha Mama Tumaini, na vumbi ambalo nilikatazwa kuliondoa. Nilijua kabisa naweza kulia mbele ya wanawake wanne.

"Ahsante sana, mama," nikasema. "Mmefanya kazi kubwa."

Nikaenda nyuma ya jiko nikakaa chini. Huko alinikuta Mjomba Kondo, mjomba wa mke wangu. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, na mjomba hajawahi kuipoteza nafasi hata moja.

"Mnyamwezi," akasema, "babu zako walibeba pembe kutoka Tabora wakaonekana wana akili kidogo. Wewe umebeba mchanga kuuleta pwani. Sasa unalilia nini?"

Kwa mtani mtu husema. Nikamwambia yote, kwamba uzima wa mchanga ule ulikuwa kwenye vumbi, na vumbi limefuliwa.

"Hilo tope?" akasema mjomba. "Si liko kwenye mapipa."

"Mapipa gani?"

"Wewe umeoa wapi? Hapa maji yanatoka bondeni kichwani mwa mtu. Nani atayamwaga? Ameyaweka anyweshee mchicha jioni."

Nilikimbia. Yalikuwa mapipa manne, juu maji yameshatulia na kuwa safi. Nikazamisha mkono hadi bega, na chini kabisa nikaligusa, tope laini, zito kama uji wa ulezi. Vumbi lote la Tukuyu lilikuwa pale. Nikacheka peke yangu kwa sauti, na nilipoinua kichwa nikamkuta mama mkwe amesimama na kopo la kumwagilia mchicha.

Mtu akikufulia nguo siku nzima, utaanzaje kumwambia unataka kuzirudishia uchafu? Nilimtazama mjomba, aliyekuwa amenifuata, anisaidie, maana mambo mazito ya mkwe hupitia kwa mtu wa kati. Mjomba akatazama mawingu.

Nikakaa chini, pale pale kando ya mapipa. Nikasema bila kumwangalia usoni. "Mama, hilo tope nalihitaji. Kosa ni langu, nilitakiwa kuwaeleza mapema nikaona haya. Na kuna jingine. Mwaka jana niliwaambia ardhi yenu inacheza. Ardhi haikucheza. Nilichimba mchanga hapo karibu ili niwahi, ulikuwa na udongo, na nilijua una udongo. Tangi lilivuja kwa sababu yangu."

Kopo likawekwa chini. Jirani mmoja alikohoa.

"Hilo nalijua," akasema mama mkwe. "Nilikuona siku ile unavyouchimba, umeshikana mkononi kama ugali. Ukaniambia ni ardhi, nikasema huyu ni mkwe, sitamuumbua. Ndiyo maana huu wa safari hii nimeufua mwenyewe. Nilisema udongo hautanipita mara ya pili."

Mwaka mzima aliteremka bondeni na ndoo akiijua sababu, akainyamazia kwa heshima yangu. Niliona aibu, kisha nikaona nafuu, maana hapakuwa na kitu tena cha kuficha.

"Haya," akasema, "tope lako hilo. Lakini mchicha wangu utaunywesha wewe."

Nikateremka bondeni na ndoo mbili. Nilipanda ule mlima mara sita, na jirani wote walitoka kunitazama.

Zege lilichanganywa kesho yake. Mchanga ulikuwa umelowa vizuri kuliko ambavyo ningeulowesha mimi, hadi ndani ya vitundu, na tope tukalirudishia kwa kipimo badala ya maji matupu. Mama mkwe alisimama kando ya beleshi langu kama ofisa wa kizuizi. Tulivunja ukuta wa zamani wa ndani, tukasuka nondo, tukamwaga, tukapiga lipu kwa mchanga ule ule, tukafunika kwa viroba vilivyolowa. Viroba safi, ndiyo.

Kisarawe tena, baada ya vuli

Mvua zilianza, nikakaa Kibaha vuli nzima bila ujasiri wa kupiga simu. Zuhura akipigiwa na kwao natoka nje. Mwisho nikajikaza nikaenda.

Tangi lilikuwa limejaa hadi kwenye mdomo. Nilimsalimu mama mkwe, nikauzunguka ukuta polepole, nikiinama kutafuta weusi wa unyevu. Yeye alinifuata nyuma. Kumbe alikuwa analizunguka hivyo hivyo kila asubuhi tangu mvua ya kwanza, na watu wote wanaopita njiani anawaambia kwamba bila yeye kuufua ule mchanga lisingesimama. Nimefikiri sana habari hiyo ya kulowa, na kwa kweli siwezi kuapa kwamba anakosea. Na hata kama ningeweza, mimi ni mkwe.

Tulipomaliza mzunguko akaweka kiganja chake chini kabisa, pale palipovuja mwaka jana. Akakiacha hapo kwa muda. Akakitoa, akakitazama, akakifuta kwenye kanga ingawa kilikuwa kikavu. Machozi yalimlengalenga, na mimi pia, nasema wazi.

Kisha akageukia nyumba ya jirani aliyemkopesha maji ya kupikia kiangazi chote, akapaza sauti kijiji kizima kisikie.

"Mama Zubeda! Lete ndoo zako. Zote."